Sufuria ya Mama na Sahani ya Kijana: Tulianzaje Kula Tunavyokula?

Leo tutaweka kando mambo ya chanjo na ya kuhara, tuzungumze kuhusu sahani.

Mara nyingi mama hufika kliniki akilalamika: "Sista, huyu kijana wangu hataki mboga. Nikipika kunde, anatoka kwenda kununua chipsi." Mimi humuuliza swali moja tu: Je, baba yake hula kunde? Wengi hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Jambo hili si la leo. Mwaka wa 1931, wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walichapisha ripoti kuhusu lishe na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Waliandika kwamba Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu na wazito kuliko Wakikuyu, ambao chakula chao kilikuwa hasa nafaka, viazi vitamu na maharagwe. Watafiti wa baadaye wameikosoa ripoti hiyo, na hata mimi sioni haki kupima jamii mbili namna hiyo kama ng'ombe wa mnada. Lakini ndani yake mna habari inayotuhusu sana. Iligunduliwa kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi kwa wingi, majani ambayo wanaume hawakuyala.

Fikiria hapo, mama. Shamba ni moja na nyumba ni moja, lakini mmoja anapata kalsiamu, madini ya chuma na vitamini A za majani, na mwingine anazikosa. Hakuna aliyemfundisha mvulana darasani kwamba mboga ni za wanawake. Aliangalia tu nani anakula nini, akaamua ukubwa ni upi.

Tuje kwa ugali. Vijana wetu wengi huamini kwamba ugali mweupe wa mahindi ni chakula cha tangu na tangu. Sivyo. Mahindi yalitoka Amerika, yakaingia pwani yetu katika enzi ya Wareno, na jina lenyewe linaonyesha kwamba watu waliyaona ni zao la ng'ambo. Huku bara, nyanya zetu walisaga mtama, wimbi na mawele. Ni wakati wa ukoloni ndipo mahindi meupe yalipoenea sana, kwa sababu walowezi waliyalima na vibarua wa mashamba na reli walipewa unga wake kama posho. Ndiyo maana hadi leo tunapeleka debe letu kwa "mashine ya posho". Mtu aliyezoea ugali wa kambini alirudi nyumbani akautaka huo huo, na watoto waliokula naye wakaona wimbi ni chakula cha zamani.

Chai nayo ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na kwa miaka mingi iliyofuata sehemu kubwa yake ilikuwa ya kuuzwa nje. Leo kuna boma gani lisilo na birika? Mtoto anaamkia chai na mkate, na uji wa wimbi umesahaulika. Mimi pia napenda chai, sitawadanganya. Ila chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kutoka kwa maharagwe na mboga. Msichana aliyeanza kupata hedhi anayahitaji sana madini hayo. Mpe chai baadaye, kati ya mlo na mlo.

Lakini hasara iliyoniuma zaidi ni ya mboga zetu. Managu, saga, terere, mrenda na mitoo zilianza kuitwa magugu, chakula cha maskini. Kabichi na sukuma wiki zikachukua nafasi. Sukuma ni mboga nzuri, siipingi, lakini haikufaa kubaki peke yake mezani.

Hapa nataka muwasikie akina mama wa magharibi ya Kenya. Huko alizaliwa mtoto ambaye mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki. Mama yake na nyanya zake wakamlisha mboga za kienyeji, wakizipika kwa namna mbalimbali ili azipende. Mtoto huyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Tangu miaka ya 1990 amezitafiti mboga hizo na kuwahimiza wakulima wazipande. Leo managu huuzwa hadi kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka wa 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Profesa huyo alionja mboga hizo kwanza nyumbani, maabara ilikuja baadaye.

Vijana wetu wako katika hali gani? Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09, watoto 35 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka wa 2022 walikuwa 18. Tushukuru. Lakini wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 25 katika kila 100 mwaka wa 2008-09, na kufikia 2014 walikuwa 33. Kudumaa kunapungua, na kisukari na shinikizo la damu vinabisha hodi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hivyo, mama, mtoto akitema managu leo, usimpige wala usimwahidi soda. Mpe kidogo tena kesho, na kesho kutwa. Watoto wengine huhitaji kuonja mara 8 hadi 15 kabla ya kukubali. Changanya na terere au maziwa kidogo ili uchungu upungue. Zima televisheni wakati wa kula, ukae nao. Na baba naye akija mezani, mpakulie mboga zile zile, sehemu kubwa kama ya watoto au zaidi, mahali ambapo mvulana wake anaweza kuiona sahani hiyo.