Kadhia ya Kikuyu: Maaskofu Watatu na Swali la Nani Mkristo

Mnamo mwezi wa Juni mwaka 1913, katika kituo cha Misheni ya Kanisa la Skotlandi pale Thogoto, Kikuyu, walikusanyika wamisionari wa madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti waliokuwa wakihubiri katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wenyeji wa kituo, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo, ili wakate shauri juu ya jambo ambalo tangu mwaka 1908 walikuwa wakilijadili bila ya kulifikisha mwisho: namna ya kuzifunga misheni zao katika umoja, hata siku moja pawe na kanisa moja la wenyeji lisilorithi magomvi ya Ulaya. Hapana aliyedhani kwamba mashauri hayo ya watu wachache, waliokutana mbali na miji mikubwa ya dunia, yangezusha ikhtilafu itakayofika hadi Canterbury, ijaze kurasa za magazeti ya London, na kumfanya askofu mmoja wa Kianglikana awashitaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi na farakano.

Haja iliyowakutanisha ilikuwa haja ya kila siku. Misheni hizo zilikuwa zimekwisha kugawana nchi kwa mapatano, kila moja na eneo lake, hata ikawa dhehebu la mtu linategemea zaidi mahali alipozaliwa kuliko rai yake mwenyewe: aliyezaliwa karibu na Kijabe aliangukia mikononi mwa Wamarekani wa AIM, wa Tumutumu akawa Mpresbiteri, wa Ribe akawa Mmethodisti, na wa Maseno akawa Mwanglikana, ilhali wote wanne hawakupata kusikia hata mara moja habari za Calvin wala za Wesley. Mgawanyo huo ungalifaa kama watu wangalikaa vijijini mwao. Lakini reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu mwaka 1901, na kijana aliyebatizwa Ribe akipata kazi Nairobi alijikuta katikati ya Wakristo wanaosoma Injili ile ile, wakisali kwa Baba yule yule, asijue iwapo Jumapili ataruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana pamoja nao au atasimamishwa mlangoni kama mgeni asiyejulikana.

Mpango uliotungwa pale Kikuyu ulikusudiwa kumjibu kijana huyo. Misheni zitakazoingia katika umoja zilitakiwa kuyakiri Maandiko Matakatifu kuwa kipimo kikuu cha imani na mwenendo, kuzipokea Imani ya Mitume na Imani ya Nikea kuwa maelezo ya jumla ya misingi ya dini, na kuzishika sakramenti mbili za Ubatizo na Chakula cha Bwana. Na Mkristo wa misheni moja akisafiri katika eneo la misheni nyingine, apokewe huko kama ndugu. Misheni nne kubwa zikaukubali mpango huo ili uombewe idhini ya wakubwa wao ng'ambo.

Ila lililowasha moto zaidi ya maandishi yoyote ni tendo la jioni ya mwisho. Wajumbe waliingia katika kanisa la Waskoti, jengo ambalo hapana askofu aliyeliweka wakfu, na humo Askofu William George Peel wa Mombasa, akitumia kitabu cha sala cha Kianglikana, akaongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu, na Askofu John Jamieson Willis wa Uganda akiwapo. Aliyehubiri alikuwa Norman Maclean, mchungaji wa Kipresbiteri aliyetoka Edinburgh, na wengi wa wajumbe wasiokuwa Waanglikana, watu ambao hawakupata kipaimara kwa mikono ya askofu yeyote, wakapiga magoti wakapokea mkate na divai kutoka mkononi mwa Peel. Maclean akaieleza habari hiyo kwa furaha katika gazeti la kwao Skotlandi.

Habari ilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ilimwasha. Mtu huyu, aliyefika Unguja mwaka 1898 na kuwekwa askofu mwaka 1908, alikuwa wa UMCA, misheni ya Waanglikana wenye kuitukuza Misa, maungamo na daraja za ukasisi, na kanisa lake kuu la Mkunazini lilikuwa limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka Peel na Willis waukane waziwazi uzushi uliokuwamo katika mpango wao, ama sivyo wahukumiwe. Tena akachapisha waraka wa wazi kwa Askofu wa St Albans, akiuliza kanisa lao la Kianglikana linasimamia nini hasa.

Hoja yake haikuwa nyepesi, na msomaji wa pwani ataielewa upesi akikumbuka jinsi wanazuoni wanavyoithamini isnadi, kwamba elimu haitegemewi mpaka ijulikane imepokewa kwa nani, naye alipokea kwa nani, hata kuishia kwa mwenyewe wa asili. Kwa Weston uaskofu ulikuwa mnyororo wa namna hiyo: Mitume waliwawekea mikono maaskofu wa kwanza, nao wakawawekea waliowafuata, mpaka leo, na mahali ulipokatika mnyororo hapana ukasisi, na pasipo na ukasisi mkate wa mezani hubaki mkate. Hakusema kwamba Mpresbiteri hampendi Kristo. Alisema kwamba jamaa isiyo na askofu si Kanisa kwa maana kamili, na kwamba askofu anayetenda kana kwamba jambo hilo ni dogo ameivunja amana aliyokabidhiwa.

Wenye kumpinga nao hawakukosa hujja. Dayosisi ya Mombasa yenyewe ilitokana na kazi ya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na CMS, ambaye ukasisi wake aliupokea kwa utaratibu wa Kilutheri. Ikiwa huyo alikubalika kuanzisha kazi, vipi watoto wa kazi hiyo wawakatae walio mfano wake?

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba pande zote mbili ziliitegemea sababu moja, zikatoka na hukumu mbili. Watu wa Kikuyu walisema kwamba Uislamu unaenea kutoka pwani kwenda bara, nao una umoja ambao Wakristo hawana, kwa hiyo ni wajibu wao kusahau tofauti zao. Weston, aliyeishi Unguja katikati ya Waislamu na kuzoea kuhojiana nao, aliona kinyume: Mwislamu anaijua itikadi yake na mipaka yake, hatashawishiwa na kanisa ambalo maaskofu wake wenyewe hawajui linafundisha nini.

Kule Uingereza kadhia hii iliwagawa watu. Hensley Henson, mkuu wa kanisa kuu la Durham, aliwatetea wa Kikuyu kwa ukali, na wenye msimamo wa Weston wakajibu kwa ukali mfano wa huo. Davidson, mtu wa taratibu na tahadhari, alikataa kufanya kesi ya uzushi, akalipeleka shauri mbele ya baraza la maaskofu lililokutana Julai 1914. Na kabla rai yake haijatolewa vita vikuu vikaanza, hata tamko likatoka wakati wa Pasaka ya mwaka 1915. Lilisema kwamba mgeni wa madhehebu mengine aweza kukaribishwa mezani panapo dharura, kwamba haifai Mwanglikana kwenda kupokea kwa mchungaji asiyewekewa mikono na askofu, na kwamba ibada kama ile ya Kikuyu, ingawa nia yake ilikuwa njema, isifanywe tena. Wenye mzaha wakasema kwamba tendo hilo limeonekana kumpendeza Mungu mno, na kwa hiyo lisirudiwe kamwe. Weston hakutulia, mwaka huo huo wa 1915 alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kwa sababu nyingine ya itikadi.

Asidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa taasubi tupu. Wakati wa vita aliunda na kukiongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, na mwaka 1920 aliandika dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe juu ya kazi ya kulazimishwa waliyotwishwa Waafrika. Mwaka 1918 alipanda hadi Kikuyu kuleta mpango wake, wenye sharti la kuukubali uaskofu, na wasio Waanglikana hawakuweza kuupokea. Kilichobaki ni Muungano wa Misheni ulioanzishwa mwaka huo, wa kushirikiana katika elimu na uganga, na tunda lake kubwa ni Alliance High School iliyofunguliwa mwaka 1926 pale pale Kikuyu. Vijana waliruhusiwa kukaa dawati moja miaka mingi kabla ya kuruhusiwa meza moja.

Katika mjadala wote huo mwenyeji hakuulizwa. Alipokuja kusema, alisema kwa njia yake. Mwaka 1929 misheni zilipowataka Wakikuyu wakane tohara ya wanawake kwa kutia dole gumba katika ahadi, nao wakaita ahadi hiyo kirore, maelfu walitoka. Kipimo cha Mkristo kilikuwa kimebadilika, kikawa dole gumba. Ndipo baadhi ya waliotoka wakaanza kutafuta kile kile alichokipigania Weston. Mwaka 1935 walimwita kutoka Afrika Kusini Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Kiafrika, awafundishe na kuwawekea mikono vijana wao, na mwaka 1937 akawapa daraja. Baadaye walipoambiwa kwamba mnyororo wa Alexander nao una shaka, waligeukia Upatriaki wa Aleksandria, ambao mwaka 1946 uliwapokea.

Tukiitazama kadhia hii kwa utulivu, tunaona kwamba hapana aliyemshitaki mwenzake kwa kumkana Kristo. Biblia ilikuwa moja, na Imani zote mbili walizikiri pamoja. Walichogombania ni nani mwenye haki ya kumtambua muumini na kumkaribisha mezani. Na hata leo, mtu anapoambiwa kwamba ubatizo wake hautoshi, au kwamba kanisa alilotoka si kanisa, aghalabu swali lililo chini ya maneno hayo ni lile lile la mamlaka, ambalo Weston aliliuliza bila ya kuficha. Na heri kuliuliza hivyo, kuliko kuivisha haki ya madhehebu joho la imani, kisha kumhukumu kwa hilo mtu ambaye imani yake haikuwa na dosari.