Mashine Ikila Rangi, Nani Alipe?

Wadau, kuna ajali za magari ambazo trafiki hafiki kupima. Gari limesimama, injini imezimwa, mwenyewe amekaa pembeni anakunywa soda. Kijana ameshika mashine ya kupigia polishi, anaipitisha kwenye boneti taratibu. Akifika kwenye ule mkunjo ulio karibu na taa, pedi inageuka nyekundu. Gari nalo ni jekundu. Anafuta kwa kitambaa, anakuta doa lililofifia, na katikati yake rangi ya kijivu ya chini inachungulia.

Basi. Hapo hakuna polishi duniani itakayorudisha kilichoondoka.

Kinachofuata mnakijua. Mteja anasema gari lake limeharibiwa. Kijana anaapa kwamba rangi ilikuwa imechoka tangu zamani. Bosi anakumbuka kibao alichopigilia ukutani kwamba magari yote yako hapo kwa hasara ya wenyewe. Fedha aliyolipa mteja ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kupaka boneti nzima upya, na mara nyingi anayeumia ni yule asiye na sauti: kijana mwenye mashine.

Je, tatizo ni mkono mbovu au rangi mbovu? Ili tulijibu vizuri inabidi turudi nyuma, maana ajali hii ina historia yake.

ENZI ZA BRASHI

Magari ya kwanza yalipakwa kama mikokoteni ya farasi: rangi za mafuta na vanishi, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lilisubiriwa likauke, likasuguliwa kwa mkono, kisha likaja jingine. Kazi nzima ilichukua wiki kadhaa. Kiwanda kinachotaka kutoa magari kwa maelfu hakiwezi kungoja hivyo. Ford, ambaye Model T yake ilianza mwaka 1908, alifika mahali ambapo kuanzia 1914 hadi 1925 gari hilo lilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1923. Kampuni ya DuPont ilikuwa na ujuzi mkubwa wa nitroselulosi, malighafi ya baruti isiyo na moshi, na Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha. Ikishirikiana na General Motors ikatengeneza rangi iliyoitwa Duco, ikaanzia kwenye magari ya Oakland ya modeli ya 1924. Rangi hii ilipulizwa, na ilikauka kwa saa badala ya siku. Ndugu yake baruti akageuka kuwa pambo!

Lakini Duco ilikuwa na tabia moja ambayo ndiyo kiini cha habari yetu: ilipokauka haikung'aa vya kutosha. Ilibidi isuguliwe kwa kampaundi ndipo ing'ae. Yaani kupiga polishi ilikuwa sehemu ya kazi ya kiwandani, na rangi iliwekwa nene kwa kujua kwamba sehemu yake itasuguliwa iondoke. Hata baada ya gari kuuzwa, jua lilipoipausha, mwenyewe alisugua tena na rangi mpya ikatokea chini yake. Kitambaa kikichafuka kwa rangi ya gari, hiyo ilikuwa dalili ya kazi nzuri.

Shika hapo, nitarudi.

KLIA INAINGIA

Rangi za namna hiyo, na nyingine zilizofuata, zilikuwa na rangi na mng'ao katika tabaka lile lile. Tatizo lilikuja na rangi za metali, zile zenye chembe ndogo za alumini ndani yake. Chembe hizo zikikaa wazi kwa jua, mvua na hewa chafu, zinafifia na kupoteza mvuto. Ufumbuzi ulikuwa kugawa kazi: chini liwe tabaka jembamba lenye rangi, juu yake liwe tabaka lisilo na rangi la kulinda na kung'aa. Hiyo ndiyo klia. Ulaya ilianza kuenea miaka ya 1970, Marekani ikashamiri miaka ya 1980, na leo karibu kila gari jipya linatoka nayo.

Sasa angalieni hesabu. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati mpaka juu, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kawaida ya printa ina maikroni kama 100. Klia peke yake ni kati ya 35 na 50 hivi, yaani nusu karatasi au pungufu. Na huwezi kuimaliza yote, kwa sababu ndani yake mna dawa ya kuzuia miale ya jua. Ukiipunguza sana leo gari litang'aa kama kioo na mteja atashukuru, halafu baada ya muda klia itaanza kubanduka. Ajali nyingine haionekani siku ya ajali.

Ndipo ile dalili ya zamani ikageuka maana. Kwa babu, rangi kwenye pedi ilimwambia fundi kwamba kazi inakwenda. Kwa gari lenye klia inamwambia kwamba amekwisha vuka mpaka. Alama ni ile ile, hukumu ni kinyume. Ufundi huu vijana wengi wanajifunza kwa kutazama wakubwa, na mkubwa aliyejifunzia kwenye magari ya zamani anaweza kurithisha mkono uliofaa rangi ambayo haipo tena.

MASHINE NAYO

Huku rangi ikipungua, nguvu ya kusugua ilipanda. Kampuni ya Fein ya Stuttgart ilitoa drili ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1895. Mwaka 1917 Black & Decker wakapata hataza ya drili yenye mpini wa bastola na kifyatulio kwa kidole. Mota ikishakaa mkononi mwa mtu, kuifunga pedi badala ya keekee ni hatua ndogo.

Mashine ya kuzunguka moja kwa moja huweza kufika mizunguko 2,000 au 3,000 kwa dakika. Kwenye boneti tambarare pedi inagusa eneo pana na joto linasambaa. Kwenye ukingo au mkunjo, uzito wote unaangukia mstari mwembamba, na hapo ndipo pia rangi huwa nyembamba zaidi. Bampa la plastiki ni baya zaidi, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati, kwa hiyo rangi inapikwa palepale. Baadaye zikaja mashine ambazo pedi inazunguka huku inayumba, zenye joto dogo. Hizo zimepunguza hatari ila hazijaiondoa.

SWALI KONGWE KULIKO GARI

Kuhusu nani alipe, wanasheria walifika zamani sana. Katika mkusanyiko wa sheria za Kirumi uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533, kuna maneno ya Ulpian, mwanasheria wa karne ya 3, juu ya fundi aliyepewa kito akichonge kikavunjika. Jibu lake: kama kasoro ilikuwa ya kito, fundi hashitakiwi, kama ni kutojua kazi, anashitakiwa, labda fundi awe alikubali mwenyewe kubeba hatari yote. Palepale anamtaja dobi ambaye nguo za mteja zimetafunwa na panya. Huyo analipa, kwa sababu alipaswa kujihadhari na panya.

Wanazuoni wa fiqhi nao walilichambua kwa mifano ya dobi, mshonaji na mtia nguo rangi. Vitabu vinamnasibisha Ali bin Abi Talib na hukumu ya kuwalipisha mafundi, kwa hoja kwamba bila hivyo watu hawatatengemaa. Wamaliki wakaelekea huko. Kwa Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, kauli mashuhuri ni kwamba mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana, na halipi mpaka azembee au avuke mipaka.

Waingereza nao mwaka 1703 walikuwa na kesi ya Coggs na Bernard: mtu alijitolea kuhamisha mapipa ya brandi, tena bila malipo, akazembea na brandi ikamwagika. Akawajibishwa. Fikra hiyo ya uangalizi ikaingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo wakoloni walituletea huku Afrika Mashariki, na Tanganyika ilipotunga sheria yake mwaka 1961 ikaibeba: ukikabidhiwa mali ya mtu, itunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake.

Mmeona kitu hapo? Roma, fiqhi na Uingereza hawakubaliani kwa kila jambo, lakini mara kwa mara wanarudi kwenye swali lile lile: mali ilikuwa katika hali gani ilipokabidhiwa, na fundi alifanya nini nayo? Kibao cha ukutani hakijibu hata nusu ya swali hilo.

SASA BASI

Magari mengi ya Dar na Nairobi yalikwishatumika Japani kabla ya kuletwa. Limepigwa polishi mara ngapi huko? Mlango upi ulipakwa upya? Macho hayaoni, na mteja mwenyewe hajui. Kwa hiyo kijana anaposema rangi ilikuwa imechoka anaweza kuwa anasema kweli tupu, na mteja anayesema gari lilikuwa zima naye anaweza kuwa hadanganyi. Wote wawili hawana ushahidi.

Ushahidi upo. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi: unakiweka juu ya bati kinakupa maikroni. Vile vya kawaida havisomi kwenye plastiki, kwa hiyo bampa liguswe kwa adabu zaidi. Pima kila upande mbele ya mteja, andika namba, wote muweke sahihi. Sehemu nyembamba isiguswe kwa mashine, kingo zifunikwe kwa tepu ya karatasi. Baada ya hapo, ikitokea balaa, namba zitasema kama ni rangi mbovu au mkono mbovu.

Kwa maoni yangu, bosi anayempa kijana mashine bila kumpa kipimo ndiye wa kwanza kulipa, kabla hajafikiria kumkata mshahara. Amempeleka gizani halafu anamlaumu kwa kujikwaa. Na wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mnaonaje, wadau?