Karani wa Nchi ya Hewani: Maisha ya Kazi ya Shaaban Robert na Utunzi wa Riwaya Zake za Kinjozi

Wahakiki wa Kusadikika, Adili na Nduguze na Kufikirika wamezoea kuanzia mahali pawili. Wapo wanaoanzia katika hekaya za kale, wakaonyesha majini, wafalme na safari za ajabu ambazo mwandishi alizirithi. Wapo pia wanaoanzia katika ukoloni, wakaisoma kila nchi ya kubuni kuwa ni fumbo la Tanganyika. Njia zote mbili zina haki yake, lakini zote mbili humruka mtu aliyeketi na kuandika: karani wa serikali mwenye saa za kazi, wakubwa wa kuwatii, watoto wa kulea na hofu ya uhamisho. Makala hii inashikilia kwamba meza ya karani haikumnyima Shaaban Robert njozi. Ndiyo iliyozipa umbo.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaingia katika Idara ya Forodha, ambamo alitumika hadi 1944. Sehemu ya miaka hiyo aliipitisha Pangani. Kutoka hapo alihamishiwa Mpwapwa, katika idara iliyoshughulikia wanyama. Mwaka 1946 alirejea Tanga katika ofisi ya utawala, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Jumla ni miaka 34 ya utumishi, na riwaya zote tatu zinazojadiliwa hapa zilitungwa ndani ya miaka hiyo.

Je, mtu wa namna hiyo aliandika lini? Jibu linapatikana katika wingi na aina ya maandishi yenyewe. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Zikigawanywa kwa miaka sita ya vita vyenyewe, ni kama beti kumi kila wiki. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, lakini yatosha kuonyesha kwamba kazi kama ile haizaliwi na msukumo wa ghafla. Yataka mtu anayerudi kwenye karatasi siku baada ya siku, awe amechoka au hakuchoka. Ushahidi wa pili ni barua. Zile alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, zilizokusanywa na kutolewa kitabu, zinaanzia 1931 na kufika 1958. Mtu aliyedumu na barua kwa miaka 27 alikuwa amekwisha kuifanya kalamu kuwa sehemu ya mwenendo wa nyumba yake. Ushahidi wa tatu umo ndani ya nyumba hiyo. Baada ya kufiwa na mkewe, Amina, aliyemwachia watoto, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Kuandika na kulea vilikuwa kazi moja kwake, na huenda ndiyo sababu hata majini wa riwaya zake huwa na tabia ya kutoa mawaidha.

Njozi zake nazo zilianza na usomaji. Katika miaka ya 1920 na 1930 vitabu vya ng'ambo vilikuwa vikitafsiriwa kwa Kiswahili, miongoni mwavyo hadithi za Alfu Lela U Lela na Safari za Gulliver. Mkondo wa Adili na Nduguze unafuata kwa karibu hadithi moja ya Alfu Lela U Lela. Lakini tazama jambo linaloisukuma hadithi hiyo. Si upanga wala uchawi; ni kodi iliyochelewa. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kuidai, na mjumbe huyo, aliyekwenda kwa shughuli ya hazina, ndiye anayegundua kwamba liwali Adili huwapiga manyani wawili kila usiku. Tukio hilo la kodi limo katika hadithi ya asili pia. Hata hivyo, si ajabu kwamba miongoni mwa mamia ya hadithi, mtu aliyekaa forodhani karibu miaka 18 aliichagua ile ambayo ajabu yake inafichuliwa na mtoza kodi.

Kusadikika, iliyochapishwa 1951, yaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Nchi yenyewe inaelea hewani, lakini kinachotendeka humo ni shauri la mahakamani: mshitaki Majivuno anasoma mashitaka, mshitakiwa Karama anajitetea, na utetezi wake ni taarifa za safari za wajumbe sita. Kila mjumbe alitumwa upande wake, akaona nchi iliyostawi, akarudi na maarifa, akafungwa. Msomaji akiondoa mbingu na ndege wa ajabu, anabaki na jalada la ofisi lililopangwa vizuri. Tena wajumbe wale wanafanyiwa kama bidhaa zinazofika bandarini: wanakaguliwa mpakani, na walichochukua kinazuiliwa. Karani wa forodha aliijua kazi hiyo kwa mikono yake. Tofauti ni kwamba katika Kusadikika magendo yanayokamatwa ni fikra.

Mtu aweza kudai kwamba huku ni kulazimisha maana, kwa kuwa mahakama na wajumbe ni mali ya hekaya za kila taifa. Pingamizi hilo lina nguvu kwa Adili na Nduguze, lakini linadhoofika kwa Kusadikika, ambamo kosa la mshitakiwa ni kutaka watu wafundishwe sheria. Mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa huru kusema hadharani alichofikiri juu ya serikali iliyomlipa mshahara. Katika Maisha Yangu alithubutu kueleza ubaguzi wa rangi uliomkuta safarini, lakini huko alisimulia yaliyompata yeye. Kuihoji sheria yenyewe kulihitaji nchi ambayo hakuna mkubwa wa ofisi angeweza kudai kuwa ni yake.

Mwaka mmoja baada ya Kusadikika kuchapishwa, mwandishi wake alihamia ofisi ya upimaji, mahali pa minyororo ya kupimia na ramani. Uhamisho huo haukuathiri riwaya, kwa kuwa ilikwisha kutoka. Ni mzaha wa historia tu. Kufikirika, nchi yake nyingine isiyopimika, ilikuwa imeandikwa tangu miaka ya 1940. Alistaafu 1960, akafariki Juni 1962, na mswada huo ukachapishwa 1967.