Msimu wa Tano wa Quebec

Mwaka 1975 bendi ya Montreal iitwayo Harmonium ilitoa albamu ya roki isiyopigwa dramu hata kidogo. Jina lake ni refu, Si on avait besoin d'une cinquième saison, yaani kama tungehitaji msimu wa tano. Ina nyimbo tano. Nne zinafuata majira ya mwaka, kuanzia machipuko hadi majira ya baridi, na wa tano ni wa msimu usiokuwamo katika kalenda yoyote.

Wimbo huo wa mwisho, Histoires sans paroles, unazidi dakika 17 na hauna shairi. Filimbi inatangulia, magitaa yanaipokea, kisha inaingia melotroni, kinanda chenye kanda za sauti ndani yake: ukibonyeza kibao unasikia fidla au kwaya iliyorekodiwa zamani, ikitetemeka kidogo kama inatoka mbali. Katikati mwanamke anaimba bila maneno, sauti yake ikiwa ala mojawapo kati ya ala. Hakuna anayeharakisha. Mwaka 2015 jarida la Rolling Stone la Marekani liliiweka albamu hii nafasi ya 36 katika orodha ya albamu 50 bora za roki ya progresivu za wakati wote, ikiwa pamoja na kazi za Pink Floyd, Genesis na King Crimson. Mimi ningeipandisha juu zaidi.

Roki ya progresivu ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliochoshwa na nyimbo za dakika tatu walianza kuchanganya roki na muziki wa okestra, jazi na nyimbo za jadi, wakibadili mapigo katikati ya wimbo na kujaza upande mzima wa santuri kwa kisa kimoja. Quebec, jimbo la Kanada ambalo wengi wa wakazi wake husema Kifaransa, liliupokea muziki huu kwa mikono miwili. Bendi za Genesis na Gentle Giant zilipendwa huko kwa namna ambayo hazikupendwa katika miji mingi ya Amerika Kaskazini.

Sababu mojawapo naiona katika shule. Mwaka 1942 serikali ya jimbo ilianzisha Conservatoire, chuo cha muziki kilichofundisha bila ada. Kizazi kimoja baadaye kulikuwa na vijana wa familia za kawaida waliojua kusoma noti za Bach na Stravinsky, huku redio zikiwaletea Beatles. Roki ya Kiingereza iliyokopa kwa Bach haikuwa ngeni masikioni mwao.

Sababu nyingine ni kubwa zaidi. Hadi mwaka 1960 Kanisa Katoliki ndilo lililoshika shule na hospitali za Quebec, na utajiri mwingi ulikuwa mikononi mwa wasema Kiingereza. Tume ya serikali kuu iliyochunguza suala la lugha katika miaka ya 1960 ilikuta kwamba kwa kipato, wasema Kifaransa wa Quebec walikuwa karibu na mkiani ndani ya jimbo lao wenyewe. Kuanzia mwaka 1960 yakaja Mapinduzi Tulivu: umeme ukataifishwa, wizara ya elimu ikaundwa, watu wakaanza kujiita Wakebeki badala ya Wakanada Wafaransa. Mwaka 1968 mwimbaji Robert Charlebois na wenzake walipanda jukwaani na onyesho la L'Osstidcho, wakaimba roki ya umeme katika Kifaransa cha mitaa ya Montreal, kile ambacho walimu walikikemea darasani. Baada ya hapo hakuna kijana aliyehitaji ruhusa ya kuimba kama anavyozungumza.

Serge Fiori, mwimbaji wa Harmonium, alikulia katika mtaa wa Waitalia wa Montreal, mtoto wa kiongozi wa bendi ya dansi. Pamoja na Michel Normandeau alianzisha kundi mwaka 1972, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 1974. Wakati huohuo Pierre Flynn wa bendi ya Octobre alikuwa akiimba juu ya mfanyakazi anayesagwa na mashine ya kiwandani. Wengine waliimba kwa nadra. Maneige walipanga filimbi, piano, vibrafoni na marimba mahali ambapo bendi nyingine ingeweka gitaa, na albamu yao ya Les Porches ya mwaka 1975 ina wepesi ambao sijaukuta kwa Waingereza. Katika jiji la Quebec, Sloche walipiga jazi yenye nguvu na vinanda viwili, na albamu yao ya pili, ya mwaka 1976, wakaiita Stadaconé, jina la kijiji cha wenyeji wa asili kilichokuwapo hapo kabla ya Wafaransa. Pollen, Morse Code, Opus 5, Et Cetera: zote zilitoa kazi ndani ya miezi michache, kwa jimbo lenye watu wapatao milioni sita tu.

Mwaka 1976 ndio kilele. Harmonium walitoa L'Heptade, santuri mbili zinazomfuata mtu mmoja katika ngazi saba za fahamu, pamoja na okestra iliyoandikiwa muziki na Neil Chotem. Novemba 15 ya mwaka huo chama cha Parti Québécois cha René Lévesque, kilichodai uhuru wa jimbo, kilishinda uchaguzi. Mwaka uliofuata sheria namba 101 iliimarisha Kifaransa kama lugha ya kazi, ya shule na ya mabango ya barabarani. Mtu akiisikiliza L'Heptade leo asitafute bendera ndani yake. Nyimbo zake ni za mtu anayejichimba nafsi. Lakini ujasiri wa kutumia okestra nzima na karibu saa moja na nusu ya muziki kwa Kifaransa ulitokana na hewa ya wakati ule.

Kilele hicho hakikudumu: soko lilikuwa dogo, gharama zilikuwa kubwa, na disko ilikuwa imeiteka Montreal. Harmonium walivunjika muongo ulipokuwa unakwisha. Mei 20, 1980 karibu asilimia 60 ya wapiga kura walikataa mpango wa kujitenga, na wengi wa waliokuwa na matumaini walinyamaza. Bendi nyingi za mtindo huu zilikuwa zimekwisha kufa. Miriodor, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ilishika njia yake ngumu bila kutafuta umaarufu.

Santuri nyingi hazikuchapwa tena kwa miaka mingi, zikabaki kwa wakusanyaji. Katika miaka ya 2000 kampuni ndogo ya ProgQuébec ilizitoa upya kwenye CD, na kwa kazi hiyo inastahili shukrani. Mwaka 2020 Okestra ya Simfoni ya Montreal ilirekodi upya nyimbo za Harmonium. Serge Fiori alifariki mwaka 2025, Juni 24, ambayo ni sikukuu ya taifa ya Quebec, akiwa na umri wa miaka 73, na serikali ya jimbo ikamwandalia maziko ya heshima ya kitaifa.

Msomaji ambaye hajawahi kuusikia muziki huu aanze na Msimu wa Tano, asikilize upande wa pili wote bila kukatiza. Kisha Les Porches, kisha Stadaconé. L'Heptade aiwekee jioni nzima. Kutojua Kifaransa kusimzuie: robo tatu ya yanayosemwa humo yamesemwa na filimbi na vinanda.