Elektroni na Wapuliza Vioo

Kwa shosho wengi wenu bado kuna TV ya Great Wall, ile ya mgongo mrefu. Fundi wa hapa Wendani akiifungua (msiguse, hukaa na umeme hata ukiitoa kwa soketi) mtaona chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa. Huko nyuma waya unapashwa moto, unarusha miale hadi kwenye skrini, na sumaku zinaipeleka huku na huku ndio picha itokee. Hiyo ndiyo miale ya kathodi. Ndiyo ilitupatia elektroni.

Form Four tuliambiwa: J.J. Thomson, Cambridge, 1897, nukta. Mwaka huo reli kutoka Mombasa ilikuwa haijafika hata Nairobi. Si uongo, lakini mimi naona hadithi yenyewe ni ya hewa, na nani alijua kuitoa.

Miaka ya 1850 kule Bonn, Ujerumani, fundi wa vioo Heinrich Geissler alitengeneza pampu ya zebaki iliyonyonya hewa vizuri kuliko za awali. Profesa Plücker akachukua mirija yake, akaleta sumaku karibu, akaona mwanga unasonga.

Sasa ubishi ukaanza: hii miale ni mawimbi ama ni chembe? Mwaka 1883 Heinrich Hertz alijaribu kuipinda kwa umeme, kati ya bamba mbili za chuma. Ikakataa. Akaamua haina chaji. Buda hakuwa mjinga, ni vile mrija wake ulibaki na hewa iliyoua nguvu ya zile bamba. Thomson alirudia kitu kile kile, hewa ikiwa kidogo zaidi. Ikapinda! Hesabu zake zikaonyesha chembe nyepesi zaidi ya mara 1,000 kuliko atomu ya haidrojeni.

Na mrija huo ulitengenezwa na nani? Msaidizi wake, Ebenezer Everett. Thomson mwenyewe alijulikana kwa mikono mizito, vyombo vya kioo ni heri asiguse. Akapata Nobel mwaka 1906. Jina la Everett sijakutana nalo kwenye kitabu chochote cha shule nilichosoma.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo semeni najitetea, sawa tu. Lakini hata maprofesa wa Bonn waliliona hili mapema: mwaka 1868 chuo chao kilimpa Geissler, mpuliza vioo, udaktari wa heshima.