Nani kamwambukiza nani?

Jirani yangu alitoka zahanati na chupa ya dawa ya upele, na usiku ule ule akahamia sebuleni, kwenye mkeka, peke yake. "Nisije nikawaambukiza watoto," alisema. Kitenzi hicho kinaniuma. Kuambukiza kunataka mtenda na mtendwa: mmoja kaleta, mwengine kaletewa. Mama akishalitamka neno hilo, keshajitia hatiani.

Upele wenyewe hauna habari na kesi hiyo. Mdudu wake ni aina ya utitiri, na jike halifiki hata nusu milimita. Huchimba njia kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Tazama kwenye mwanga, katikati ya vidole au kwenye kiwiko cha mkono: huenda ukaona kimstari cha kijivu kilichopinda, kifupi, chembamba kama uzi. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo akawapa wenzake. Kwa hiyo aliyeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Pengine ni kitinda mimba, anayelala ubavuni mwa mama yake kila siku na bado hajajikuna hata mara moja.

Neno la haki tunalo: kuambukizana. Ile -na ya mwisho inawaingiza wote katika tendo moja, hakuna mshitakiwa. Tena ndani yake mna tiba. Upele hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Akipaka dawa mama pekee, atakuja kuupata tena kwa watoto wale wale aliowakimbia.

Utitiri nao ni neno la kutisha. Tumezoea kusema utitiri wa vyama, utitiri wa kodi, na aliyewahi kuingia banda la kuku lililovamiwa anaelewa kwa nini. Lakini mgonjwa wa kawaida wa upele hubeba wadudu 10 hadi 15 tu. Muwasho unaomkesha ni mwili wake unaowakataa wadudu, mayai na kinyesi chao. Maelfu hupatikana kwenye upele wa magamba, unaowapata zaidi watu ambao kinga yao imedhoofika.

Kuna majina mengine tunayoyachanganya, na hapo watoto wanaonewa. Choa na mapunye ni fangasi; huambukiza, ila dawa yake ni nyingine. Pumu ya ngozi haiambukizi kabisa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi anayenyimwa kulala na ndugu zake ameadhibiwa kwa jina ambalo si lake, na jambo hili linanikera kuliko kosa lolote la sarufi.

Nilimwambia jirani: shoga, wapeleke wote zahanati, mtoto mchanga ataelekezwa dawa inayomfaa. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Muwasho ukiendelea wiki 2 au 3 baada ya hapo, usidhani dawa imeshindwa. Na dawa hiyo hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, mgongo mzima, mahali ambapo mkono wa mwenyewe haufiki. Lazima mpakane.