Bayi, Basi na Ardhi ya Kukimbilia

Historia ya mbio za kati nchini mwetu imezoeleka kusimuliwa kama historia ya kipaji. Simulizi hilo linapendeza, lakini nadhani limetupunguzia wajibu.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia aliyoiweka Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967. Aliongoza tangu mwanzo. John Walker, mwenyeji aliyemfukuza hadi kwenye utepe, naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia.

Kasi ile ilijengwaje? Bayi, mzaliwa wa Karatu, alihamia Dar es Salaam akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba alikuwa akishindana na mabasi ya jiji: basi likiondoka, naye anachomoka, likisimama kituoni kushusha abiria, anavuta pumzi, likiondoka tena, naye yumo. Wanafunzi wangu hulicheka simulizi hili. Mimi naliona kuwa somo kamili la mbinu. Tangu miaka ya 1930, Woldemar Gerschler alikuwa akifundisha jambo hilohilo nchini Ujerumani: kasi, pumziko fupi, kisha kasi tena kabla moyo haujatulia kabisa. Kwa kurudiarudia hivyo, mwili huzoea kuhimili kasi ukiwa bado na uchovu. Mkimbiaji wa mita 1500 hawezi kuchagua kati ya kasi na pumzi; sharti avijenge vyote viwili pamoja.

Hata hivyo, basi peke yake halitoi bingwa. Bayi alikuwa na makocha, alikuwa na ajira jeshini, na alikuwa na mji wenye nafasi. Sensa ya 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu wasiofika 300,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Leo kijana wa Kariakoo akitaka kufukuzana na basi katika Mtaa wa Msimbazi, atakwama kwenye mikokoteni na meza za wamachinga kabla ya kumaliza mita hamsini. Nao wamachinga si wa kulaumiwa, kwani wanatafuta riziki. Akiteremka Jangwani, atakuta bonde linalofurika mvua zikinyesha, ambamo ilijengwa karakana ya mabasi yaendayo haraka.

Hadi Olimpiki ya Paris 2024, medali zetu za michezo hiyo zilikuwa mbili tu, zote za Moscow 1980: fedha ya Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Tukiendelea kuamini kwamba kipaji hujiotea chenyewe, hatutaona haja ya kulinda ardhi kinakoota. Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika halmashauri na wizara, kila linapofika mezani ombi la kubadili matumizi ya uwanja wa wazi, ulizeni kwanza: watoto wa mtaa huu watakimbilia wapi mita 400? Asiye na jibu asitie saini.